Ukikabidhiwa mkusanyiko wa hadithi ulioanzwa na mhariri mwingine

Mara mbili nimepokea mkusanyiko wa hadithi fupi kutoka mikononi mwa mhariri mwingine. Mara ya kwanza nilipewa folda yenye faili 43, jedwali lililojazwa nusunusu, na ujumbe mmoja: "Imebaki kazi ndogo tu." Nikafungua faili ya kwanza nikaanza kusoma. Nikakubali, nikakataa, nikajiona mchapakazi. Wiki ya pili mwandishi mmoja akaniuliza mbona hadithi yake imekataliwa, ilhali miezi mitano nyuma aliambiwa kwa simu kuwa imepita. Ndugu zake wote walishajua. Nilimwomba radhi, hadithi ikarudi, lakini hadi kitabu kinatoka aliniandikia kwa ukavu ule ule.

Kwa hiyo miswada iache kwanza ilale. Kaa na mhariri anayeondoka hata saa mbili, mpitie jina moja baada ya jingine, na swali lako liwe hili: huyu ulimwahidi nini? Hadithi ikoje usimuulize, utaisoma mwenyewe. Uliza kama alimwambia imekubaliwa, au alisema tu ameipenda. Kuna aliyeahidiwa kwamba hadithi yake ndiyo itakayofungua kitabu? Kuna aliyehakikishiwa kwamba lahaja ya wahusika wake haitaguswa? Malipo ni lini, nakala za bure ni ngapi? Kama mwenyewe hapatikani, omba barua pepe zote za mradi na uzisome kwa mfuatano wa tarehe. Neno la kuwinda humo ni "tutaona". Mhariri akiandika "tutaona" huwa anakataa kwa adabu. Mwandishi akilisoma, huhesabu siku.

Yote hayo yaingize kwenye jedwali lako mwenyewe, kisha waandikie waandishi wote siku moja, maana wengi wao wanafahamiana na habari itasambaa kabla hujafika nusu ya orodha. Barua yangu huwa fupi:

"Kuanzia leo mimi ndiye ninayehariri mkusanyiko huu. Kumbukumbu nilizokabidhiwa zinaonyesha kwamba hadithi yako imekubaliwa, na kwamba mkataba bado haujatiwa saini. Kama kuna jambo mlilokubaliana ambalo sijalitaja hapa, tafadhali niandikie kabla ya mwisho wa wiki ijayo."

Sentensi ya tatu ndiyo itakayokuokoa. Sababu za mwenzako kuondoka usizitie humo, hata kama unazijua. Hasa kama unazijua.

Hadithi iliyokwisha kukubaliwa, imekubaliwa. Nilirithi moja ambayo nisingeichagua hata kwa kulipwa, nikabaki nayo, nikafanya kazi na mwandishi wake raundi tatu. Sikuipenda, lakini ilisimama. Ninaloliona ni sababu halali ya kurudi nyuma ni hadithi kugundulika si yake aliyeileta, au imekwisha kuchapishwa kwingine wakati masharti yalitaka kazi mpya.

Mikataba nayo isome neno kwa neno. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ambao nchi nyingi duniani zimeuridhia, hakimiliki ni ya mwandishi bila kusajili popote. Kuwa na faili yake kwenye kompyuta hakukupi ruhusa ya kuichapa. Angalia kwanza nani alitia saini upande wenu. Katika mradi wangu wa pili mikataba 6 ilikuwa kwa jina la mhariri binafsi, si la mchapishaji. Alipoondoka, aliondoka na karatasi zote zenye maana. Tuliandika upya. Angalia pia kama ruhusa ni ya kitabu cha karatasi tu au inagusa na toleo la kidijitali, na baada ya muda gani mwandishi yuko huru kuipeleka hadithi yake kwingine.

Sasa ndipo unasoma. Hakikisha unasoma faili sahihi: linganisha toleo la mhariri na la mwisho kutoka kwa mwandishi, programu ya kuandikia ikuonyeshe tofauti. Mimi nilikuta hadithi ambayo mwandishi alikuwa ameandika: "Mama akakaa. Akakaa weee, mpaka kivuli cha mlango kikamfika miguuni." Mhariri aliyetangulia alikuwa ameisafisha ikawa: "Mama aliketi kwa muda mrefu." Ni sanifu, haina kosa, na imekufa. Mwandishi hakuwa amelalamika kwa sababu hakuwa ameonyeshwa. Niliirudisha, nikamtumia mabadiliko yote 90 na ushee ayapitie. Akakubali karibu yote, na kwa kurudisha "weee" akanishukuru kipekee. Mabadiliko unayoyarithi yahesabu kuwa hayajaidhinishwa mpaka uone jibu la mwandishi.

Kupanga mfuatano hakuhitaji falsafa. Soma kwa sauti aya ya kwanza na ya mwisho ya kila hadithi, kwa mpangilio uliopo, bila kusimama. Sikio litakuambia. Mimi liliniambia kwamba hadithi tatu kati ya nne za mwanzo zinafunguka na msiba.

Utangulizi wa mwenzako usome ukiwa na orodha ya mwisho mkononi, kwani huenda unasifia hadithi zilizokwisha kuondolewa. Kama ameweka jina lake chini, usirekebishe hata nukta bila kumwonyesha. Na ukitaka kuongeza wako, amua kabla ya kupanga kurasa. Vitabu vingi huchapwa kwa karatasi kubwa zinazokunjwa kurasa 16 kwa 16, kwa hiyo kurasa mbili za maneno yako zinaweza kuzaa kurasa tupu kumi na nne, na mgongo wa jalada ukabadilika upana.

Limebaki la jina. Nani ataandikwa kwenye jalada, nani atangulie, na kwa neno gani? Liulize wiki ya kwanza, wakati bado mnasalimiana vizuri. Mara ya pili mimi na mhariri aliyetangulia tulikubaliana hadithi "zimekusanywa na" yeye, "zimehaririwa na" mimi, herufi za ukubwa mmoja. Nikamwomba anijibu kwa maandishi, na jibu lake nikampelekea msanifu wa jalada siku hiyo hiyo.