Kugeuza vipimo vya joto kwa wahimilishaji: kutoka mtungi wa naitrojeni hadi maji ya vuguvugu

Vijana mnaoanza uhimilishaji wa ng'ombe (kuwapandikiza mbegu za dume kwa mrija) huku Rungwe, Njombe na Makete, mtungi wenu una naitrojeni ya kimiminika ya nyuzi za selsiasi 196 chini ya sifuri. Mrija wa mbegu ukitoka humo unaingia kwenye maji ya nyuzi za selsiasi 35 hadi 37 ili mbegu ziyeyuke. Tatizo ni kwamba karatasi moja ya maelekezo inataja selsiasi, nyingine farenhaiti, nyingine kelvini.

Hatua ya 1: Jua sifuri unayoisoma. Alfajiri ya Julai kule Kitulo, sakitu ikilala kwenye majani, tunasema joto limefika sifuri. Hapo maji yameganda tu, lakini joto bado lipo. Joto ni mtikisiko wa chembe za kitu, na pale zisipoweza tena kupunguza mtikisiko huo ndipo penye sifuri halisi: −273.15 selsiasi, yaani −459.67 farenhaiti. Kelvini huanza kuhesabu hapo.

Hatua ya 2: Selsiasi kwenda kelvini, ongeza 273.15. Naitrojeni ya −196 inakuwa 77.15, maji ya 37 yanakuwa 310.15. Ukipata kelvini hasi, rudia hesabu.

Hatua ya 3: Farenhaiti kwenda selsiasi. Hapa nawaomba mtulie. Toa 32 kwanza, ndipo ugawanye kwa 9 na kuzidisha kwa 5. Karatasi ikisema 95: 95 toa 32 ni 63, gawanya kwa 9 ni 7, mara 5 ni 35.

Mwaka wangu wa kwanza nilianza na kuzidisha, nikatoa 32 mwishoni. Nikapata karibu 21, nikayeyusha mrija kwenye maji yaliyopoa. Siku 21 baadaye ng'ombe wa mama mmoja alirudi kwenye joto la kutaka dume, yaani hakushika mimba, naye alikuwa ameuza mahindi ili anilipe. Hadi leo naandika hesabu yote kwenye daftari kabla sijafungua mtungi.

Kama karatasi haitaji kipimo, tumieni sufuria kama shahidi: Mbeya mjini, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye takriban nyuzi 94 za selsiasi. Kwa hiyo 95 ya kuyeyushia mbegu haiwezi kuwa selsiasi.

Hatua ya 4: Kurudi farenhaiti, zidisha kwa 9, gawanya kwa 5, halafu ongeza 32. Nyuzi 37 zinakuwa 98.6. Koroga maji, soma kipimajoto tena, kisha chomoa mrija.