Namna ya kusaka kiini kinachooza kwa nadra: pima kwanza chombo kitupu

Kazi yangu iko chini ya mlima, kwenye kigunduzi cha miale, kilichotengenezwa kwa elementi ya gerimani (germanium), kinachopozwa kwa nitrojeni kimiminika. Watu huniuliza nimeona nini huko. Kwa kweli nilichokiona zaidi ni uchafu unaotoa miale yake wenyewe: potasiamu ya jasho, radoni ya hewani, thoriamu iliyojificha ndani ya chuma. Ukitaka kusaka kiini cha atomu kinachooza, yaani kinachogeuka kwa kutoa miale au chembe, mara moja moja, ujue uchafu wako kwa majina kabla hujaweka sampuli.

Anza na kalamu na karatasi. Nitakupa mfano wa molibdeni 100, isotopu (aina) mojawapo ya metali ya molibdeni, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea. Kiini chake hurusha elektroni mbili kwa mpigo, kikawa ruteni 100. Mara chache zaidi, ruteni hiyo huzaliwa na nishati ya ziada, nayo huitoa kwa miale miwili ya gama, yenye nishati ya kiloelektronivolti 540 na 591. Nusumaisha ya njia hiyo, yaani muda wa nusu ya viini kuoza, ni kama miaka 6.7 × 10²⁰. Inatisha, lakini kilo moja ya isotopu hiyo ina atomu 6 × 10²⁴. Zidisha kwa 0.693, gawa kwa nusumaisha, utapata viini takriban 6,200 kwa mwaka, yaani 17 kwa siku. Kigunduzi kikinasa miale 2 katika kila 100 ya aina unayoitafuta, unabaki na mwale mmoja kila siku tatu. Hiyo ni kazi ya miezi, inavumilika. Linganisha na gerimani 76, ile inayosakwa ikioza bila kutoa nyutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji. Jaribio la GERDA, huko Gran Sasso nchini Italia, lilionyesha kuwa kama inaoza hivyo, nusumaisha yake inazidi miaka 1.8 × 10²⁶. Kilo moja ungeikodolea macho zaidi ya miaka 30 kwa tukio moja.

Kisha jiulize: kinachotoka kitafika kwenye kigunduzi? Gama hupenya, lakini alfa, ambayo ni chembe nzito, haifiki mbali. Bismuti 209 ilihesabiwa kuwa thabiti hadi 2003, watafiti wa Ufaransa waliponasa alfa zake. Nusumaisha yake ni kama miaka 1.9 × 10¹⁹, kwa hiyo kilo moja hutoa alfa karibu 290 kwa siku. Ukiweka donge lake kando ya kigunduzi, karibu zote zitafia humo humo ndani. Wao walitumia fuwele yenye bismuti ndani yake, na fuwele hiyo hiyo ikawa kigunduzi. Naona ni moja ya fikra nzuri kuliko zote katika kazi hii.

Mahali pa kupimia ni chini ya mwamba. Juu ya ardhi, myuoni, chembe zinazopenya kutoka angani, hupita kwenye kiganja chako kama mara moja kila sekunde. Mwamba wa Gran Sasso, wenye unene wa mita 1,400, huzipunguza mara milioni moja. Shaba ya ngao yako pia ishushe mapema, kwani ikikaa juu, miale ya anga hutengeneza kobalti 60, inayotoa miale, ndani yake.

Ngao huipanga hivi: shaba safi karibu na sampuli, nje yake risasi kuukuu (metali nzito ya plumbi, si ya bunduki), mwisho risasi ya kawaida. Risasi mpya huwa na isotopu inayooza, risasi 210, yenye nusumaisha ya miaka 22, ndiyo maana CUORE, jaribio jingine la kusaka uozo wa nadra, lilitumia risasi ya meli ya Kirumi iliyozama karibu na Sardinia miaka 2,000 iliyopita. Puliza gesi ya nitrojeni ndani ya ngao ili radoni itoke. Nusumaisha yake ni siku 3.8, nami situmii data ya wiki mbili za mwanzo baada ya kufunga.

Vaa glavu mbili. Mwili wa mtu mzima una potasiamu 40 inayooza zaidi ya mara 4,000 kila sekunde, na alama ya kidole kwenye shaba inatosha kuacha chumvi yake. Kipande kilichoguswa na mkono mtupu nakirudisha kwenye asidi, hata kama ni skrubu.

Sasa kipimo cha chombo kitupu. Funga kila kitu kama kwamba sampuli imo, kisha hesabu kwa muda ule ule utakaoipa sampuli. Mimi niliwahi kuharakisha: wiki moja ya utupu, kisha miezi ya molibdeni. Kikainuka kilele, yaani rundo la miale yenye nishati moja, kwenye kiloelektronivolti 583. Nilikesha nacho. Baadaye nikaona 239 imeinuka pamoja nacho, na 911, na 2,615, ukoo mzima wa thoriamu. Chombo cha sampuli kilikuwa kipya, kimechomelewa kwa ncha ya tungsteni yenye thoriamu. Miezi yote ile ikapotea, na iliniuma sana.

Tazama jinsi 583 ilivyo jirani na 591. Gerimani huzitenganisha, kwa sababu kilele chake kina upana wa takriban kiloelektronivolti 2. Fuwele ya iodidi ya sodiamu, kigunduzi cha aina nyingine, ingezichanganya. Kwa hiyo sahihisha kipimo cha nishati mara kwa mara kwa vyanzo vinavyojulikana, na uandike tarehe na saa kila ulipofungua ngao.

Kabla ya kutazama 540 na 591, funika sehemu hizo za spektra, yaani mchoro wa idadi ya miale kwa kila nishati. Amua upana wa dirisha, kanuni za kukataa matukio mabaya, na njia ya kukadiria kelele, yaani miale isiyotoka kwa unachokisaka, kutoka pembeni mwa dirisha hilo. Ukishaamua, funua mara moja tu.

Ukikosa kitu, bado una matokeo. Bila kelele na bila tukio hata moja, weka 2.3 mahali pa idadi ya matukio: nusumaisha inazidi 0.693 × atomu × ufanisi (sehemu ya miale inayonaswa) × muda ÷ 2.3, kwa uhakika wa asilimia 90. Ukipata kilele, toa sampuli, funga ngao, na uhesabu tena chombo kitupu kwa muda ule ule. Kilele kikibaki, hakikuwa cha molibdeni.