Trekta ya mzee imelala miaka? Usiivute kabla hujaizungusha kwa mkono

Ukizunguka Njoro, Molo, Rongai mpaka kule Kitale na Moi's Bridge, hutakosa kuona trekta imeegeshwa nyuma ya ghala, tairi zimekaa chini, nyasi zimepita kwa bodi, na mwenyewe anakwambia ilikuwa inalima vizuri tu hadi betri ikaisha ama hadi mzee akafariki. Nyingi ni Massey Ferguson 135 ama 35, chache ni Ford 5000. Kabla hujamwita yule wa vyuma chakavu na mizani yake, jua kwamba MF 135 ilitengenezwa Uingereza kuanzia 1964 hadi 1975 na ile ya diseli mara nyingi ina Perkins ya silinda 3, kama lita 2.5, injini rahisi ambayo mafundi wengi wa jua kali wanaijua vizuri, na spea bado zinapatikana Nakuru na Kisumu manake MF 240 nayo ina injini ya ukoo huo huo.

Sasa kitu kinachoniuma. Mara nyingi ukikuta trekta ya zamani imekufa kabisa, ukiuliza vizuri utaambiwa iliharibika siku ile ya kuamshwa. Vijana walikuja na trekta ya jirani, wakafunga cheni, wakaweka gia, wakavuta. Kama pistoni imeshika kutu ndani ya silinda, ule uzito wote wa tairi za nyuma unaenda kwa ringi na vali, kitu kinavunjika, na kazi ambayo ingeisha kwa oili na subira inakuwa oveholi. Kwa hivyo usivute, na usiguse stata. Kwanza ujue kama inazunguka.

Anza Januari kama unataka kulima na mvua ya Machi, kwa sababu kuna hatua hapa za kungoja tu na hazitaki haraka.

Angalia ekzosti kwanza. Kama mzee aliifunika na mkebe wa Kimbo, mshukuru, amekuokolea pesa. Kama ilikaa wazi, maji ya mvua yameteremka na kuingia kwa silinda ile ambayo vali yake ya ekzosti ilikuwa wazi siku injini ilizimwa, na ndio maana mara nyingi unakuta silinda moja imeshika na zingine ziko sawa. Panya nao wanapenda kujenga humo, na kwa hosi ya hewa pia, toa kila kitu.

Halafu fungua nati ya kumwagia oili chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, polepole, na uangalie kinachotoka mwanzo. Maji yanakaa chini ya oili, kwa hivyo kama yamo yatatangulia. Matone machache ni jasho la miaka, hayo si kitu. Lakini kama yanatoka kikombe kizima, ama oili imekuwa nyeupe kama maziwa, kuna mahali maji yanapita, pengine gasketi ya hedi, na hiyo utatengeneza kabla ya kitu kingine chochote.

Toa nozo zote 3, zile zinazopulizia diseli ndani ya silinda, funga midomo ya paipu na plastiki safi vumbi isiingie. Kila silinda mwagia oili nyekundu ya gia otomatiki, ile ATF, ukichanganya na diseli kiasi, uiache. Siku 3, wiki, hata wiki 2 kama imeshika sana, unaongezea ikipungua. Kuna wanaochanganya na asetoni, inafanya kazi sawa ila inashika moto haraka sana, fanyia nje na usiwe na sigara karibu. Wakati unangoja fungua kava ya juu uangalie vali. Nyunyizia oili kwa kila springi, gonga kichwa cha kila vali taratibu na nyundo ya mbao ama ya plastiki, inafaa ishuke kidogo na irudi yenyewe. Vali iliyoshika ukiizungushia injini itapinda fimbo yake ya kusukuma.

Ukishangoja, toa stata. Kwa ile shimo yake utaona meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, na hapo ndipo unaweka mtaimbo mdogo unasukuma jino moja moja, gia ikiwa nyutro. Usilazimishe upande mmoja. Sukuma mbele kidogo, rudisha nyuma kidogo, mbele tena, ukisikia imelegea hata nusu jino basi kutu imeanza kuachia na kesho itaenda zaidi. Ikizunguka mizunguko 2 kamili bila kukwama mahali, umepita pabaya. Ikikataa baada ya wiki kadhaa ndio sasa unafungua hedi, na hata hapo umefungua injini ambayo haijavunjwa.

Usirudishe nozo bado! Ile oili uliyomwaga iko juu ya pistoni, na oili haibonyezeki kama hewa, ukifunga nozo kisha upige stata unaweza kupinda konrodi, ile fimbo inayoshika pistoni. Rudisha stata, funika yale mashimo na kitambaa kikubwa, usimame kando, piga stata hadi iache kutema. Lakini kabla ya kupiga, weka filta mpya na oili mpya, 15W-40 inatosha, kama lita 7 hivi ila fuata kipimo chenyewe. Ukiwa hapo hapo endelea kupiga kwa vipindi vifupi hadi geji ya oili ipande, ndipo sasa urudishe nozo. Betri angalia waya wa kwenda kwa chasi ni upi, manake trekta nyingi za zamani kama MF 35 zilifungwa chanya kwa bodi, ukibadilisha ovyo utaunguza chaja.

Upande wa diseli usihurumie ile ya zamani, mwaga yote, toa tangi uioshe. Ile diseli mpya weka kidogo kwa chupa ya glasi ilale usiku, asubuhi uone kama kuna maji chini. Nasisitiza hii kwa sababu pampu kubwa ya CAV inayosukuma diseli kwa nozo za hizi Perkins inalainishwa na diseli yenyewe, maji yakiingia inashika kutu ndani na hiyo pampu ndiyo kitu cha bei kubwa kwa injini yote. Kutoa hewa: pampu ndogo iliyo ubavuni ina kiwiko cha mkono, kipige ukifungua skrubu ya filta kwanza, kisha skrubu za pampu kubwa, ile ya ubavuni mwake halafu ya juu, kila moja hadi diseli itoke bila povu. Kiwiko kikilegea kama hakifanyi kazi, usiitupe hiyo pampu, ni kemu, kile kinachoisukuma kutoka ndani ya injini, imeikalia, zungusha injini mzunguko mmoja kisha ujaribu tena. Mwisho legeza nati za paipu kwa nozo, aksileta yote, piga stata hadi zitoe, kaza. Usiweke kidole mbele ya nozo inayotema, ile presha inapenya ngozi.

Siku ya kuwasha, na hii naomba sana, mtu mmoja asimame na ubao bapa karibu na mdomo wa manifoldi, pale injini inavutia hewa, hosi ikiwa imetolewa. Ndani ya pampu kuna vali ya kupima diseli ambayo ikigandana na gamu ya miaka inaweza kubaki wazi, injini inapanda mbio na ile waya ya kuzimia haisaidii. Ukifunika hewa na ubao inakufa mara moja. Mkono hapana, kitambaa pia hapana, kitavutwa ndani. Na usipulize etha, ile dawa ya mkebe ya kusaidia kuwasha, kwa hizi zenye hita ya manifoldi, inaweza kulipuka usoni kwako. Ukiwa na MF 35 ya silinda 4, ile ya mwanzo yenye injini ya Standard, jua inajulikana kwa kukataa asubuhi ya baridi, na Molo ni baridi, basi mpe betri yenye nguvu.

Ikishika, moshi mwingi mwanzo ni ile oili uliyoweka, utaisha. Geji ya oili ikikaa chini, zima hapo hapo. Maji ya radieta uangalie mara kwa mara, hosi za zamani zinapasuka zikipata joto. Izungurume kama nusu saa, izime, na baada ya masaa machache ya kazi umwage oili tena kwa sababu uchafu wote umeoshwa humo.

Klachi pengine imegandana na flaiwili, breki pia, kwa hivyo usiingize gia ukiwa karibu na ukuta ama watoto. Oili ya gia na haidroliki kwa Massey ni moja, ikiwa nyeupe mwaga. Wiki ya kwanza ivute trela tupu, na ikiwa haipandishi moto wala kula oili ndio uifungie plau ya diski 2, uanzie shamba lenye udongo mwepesi.