Chupa za mto Sabaki: angalia mshono kwanza ndo usugue

Maji ya Sabaki yakishapungua baada ya masika, kule kwenye matope upande wa Mambrui, karibu na Malindi, chupa za zamani zinajitokeza, na watu wakiokota tu wanazivamia na waya wa sufuria mpaka zinajaa makwaruzo, jamani tusifanye hivo. Na mtoni kwenyewe mamba wapo, viboko wapo, usiende peke yako.

Nyumbani loweka kwenye ndoo, maji ya kawaida na sabuni kidogo, siku mbili tatu tope ilainike yenyewe. Maji moto hapana, itapasuka. Ikiwa bado imezibwa na ina kitu ndani, usifungue wala usinuse. Kwa ndani tia mchele mkavu kiganja kimoja na maji kidogo, ziba, tikisa taratibu, ule ukoko mweupe wa chokaa utie siki ilale usiku mmoja. Lakini ukiona ukungu wenye rangirangi kama mafuta juu ya maji, hapo kioo chenyewe kimeshaliwa, siki haisaidii, iwache hivohivo.

Sasa umri. Pitisha ukucha ubavuni ufuate mshono, ule mstari mwembamba ulioachwa na kalibu. Ukikatika shingoni kabla ya mdomo, mara nyingi mdomo ulimaliziwa kwa mkono, ukipanda mpaka juu kabisa ya mdomo basi ni ya mashine, na mashine ya Michael Owens kule Marekani ilikuja 1903, kwa iyo hapo ushajua, mara nyingi ni ya baada ya mwaka huo. Mdomo wa kizibo cha bati kama soda za leo, huo si wa kabla ya 1892. Ile yenye gololi shingoni ni ya soda, aliibuni Muingereza Hiram Codd miaka ya 1870, na watoto walikuwa wakizivunja wachukue gololi ndo maana nzima hupati ovyo.

Swali: Yangu ilikuwa juu ya mchanga, ina zambarau kwa mbali, ni rangi ya kiwandani?
Jibu: Hapana dada, ilikuwa nyeupe, yaani haina rangi. Kioo chenye madini ya manganisi kikipigwa na jua miaka mingi hugeuka, iliyozama matopeni haigeuki.

Swali: Naeza kumuuzia mtalii?
Jibu: Taratibu kaka. Sheria ya makumbusho ya Kenya ya 2006 inasema kitu cha kabla ya 1895 ni cha kale, kwa iyo ya gololi au ya mdomo wa mkono peleka makumbusho kwanza waitazame, na kuitoa nchini bila kibali ni kesi. Ya mashine, hiyo patana bei tu.