Kupaka upya jukwaa la zamani la bustanini: malizana na chumvi kwanza

Mbukwenyi! Kila mvua zikikata hapa Dodoma simu zinaanza: "Fundi, tuna sherehe, njoo utupigie rangi jukwaa." Nami huuliza kwanza: ukuta wenu unanyonya maji wapi?

Swali hilo limenigharimu. Jukwaa la kwanza nililopewa lilikuwa la mawe na chokaa, nikalipiga rangi ya mafuta likang'aa kama sahani. Mvua za Desemba zilipoingia, ukuta ukaota malengelenge kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Ukilibonyeza moja kwa kidole linapasuka, unamwagika unga mweupe. Ile ni chumvi. Maji hupanda nayo kutoka ardhini, yakikauka yanaiacha nyuma ya rangi, nayo inaisukuma rangi kutoka ndani.

Hatua ya 1: Ruhusa na picha. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Mji wetu umekua na reli ya Wajerumani, kwa hiyo jukwaa lako huenda ni la juzi kwa hesabu hiyo. Ila hata jengo la karibuni linaweza kutangazwa kuwa la kulindwa. Pata barua ya mwenye bustani kabla ya kugusa chochote, halafu piga picha kila kona.

Hatua ya 2: Maji. Chimbua udongo uliorundikana kwenye msingi, kwa sababu bustani hupandishwa udongo mwaka hadi mwaka. Elekeza maji ya bati mbali na ukuta. Mpira wa kumwagilia maua nao usielekee huko. Kisha subiri. Mimi huchimbua Mei na kupaka Julai.

Hatua ya 3: Chumvi na plasta. Chumvi isuguliwe kwa brashi kavu. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Unga wake uzoe ukautupe mbali. Plasta iliyokufa bandua yote, mpaka ukigonga usisikie mlio wa debe tupu. Kwa ukuta wa mawe ya zamani usiweke plasta ya saruji ngumu, kwani unyevu utakosa pa kutokea. Mimi nachanganya ndoo 1 ya saruji, 2 za chokaa na 9 za mchanga wa mtoni uliooshwa.

Kwenye rangi ya mafuta ya zamani usipige msasa mkavu. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wanaocheza hapo. Lowanisha, vaa barakoa, tandika turubai.

Mbao zichome kwa bisibisi: ikizama, mchwa wamekutangulia. Vyuma viondoe kutu, piga red oksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu.

Hatua ya 4: Itafute rangi, usiibuni. Nilikuwa nachagua rangi kwenye kadi ya dukani, mzee mmoja mpiga zeze akasimama nyuma yangu. "Mwanangu, hapa palikuwa na kijani. Hayo maziwa mmeyatoa wapi?"

Tukachukua wembe, tukakwangua nyuma ya ubao wa matangazo, mahali jua halijafika. Tukakwangua kwa ngazi ndogo ndogo, kila tabaka lionekane kwa upana wa kidole: krimu, nyeupe, kijani cha mpera, na chini kabisa chokaa yenye udongo mwekundu. Mzee hakusema kitu, alicheka tu.

Tabaka la chini kabisa si lazima ndilo urudishe. Tulichukua kijani, maana ndicho watu wanachokikumbuka. Rangi ya mafuta iliyokaa gizani hugeuka njano, kwa hiyo acha sehemu uliyokwangua ipigwe jua siku kadhaa kabla ya kupeleka sampuli dukani.

Kisha jaribu kipande cha mita moja na umsimamishe mchezaji mbele yake saa kumi jioni, na nguo zake za ngoma. Ukuta mweupe pee utawaumiza watazamaji macho, na kwenye picha sura za wachezaji zitakuwa giza.

Hatua ya 5: Kupaka. Kwa ukuta unaopumua tumia chokaa iliyolowekwa usiku kucha na kuchujwa, mikono mitatu myepesi, yaani matabaka matatu. Rangi ya unga ichanganye yote kwa mara moja, la sivyo kila ndoo itatoa kijani chake. Kuna mafundi wanaotia chumvi ili chokaa ishike. Kwa ukuta huu ni kumwongezea mlevi pombe.

Fuata kivuli: asubuhi ukuta wa magharibi, jioni wa mashariki. Upepo ukianza kuinua vumbi jekundu, acha brashi.

Sakafu usiipake kabisa. Ziba nyufa, basi. Wachezaji wa ngoma za Kigogo wanaruka na njuga miguuni, wengine pekupeku, na rangi ya mafuta inateleza.

Unga wa rangi uliobaki weka kwenye kopo kavu, andika juu ya mfuniko vipimo vya mchanganyiko, mwachie mtunza bustani. Mimi vyangu viliwahi kupotea na simu.