Ndege wa porini wakitua shambani: linda maji kabla ya kushika manati

Msimu wa ndege wahamaji ukifika, wafugaji huniuliza maswali yale yale. Nikate miti iliyo karibu na banda? Nikaushe kidimbwi? Niwatilie sumu? Jibu langu kwa yote matatu ni hapana, na si kwa kuwaonea ndege huruma tu. Ukimfukuza ndege mwenye virusi hujaua ugonjwa. Umeusukuma kwa jirani, na kesho kutwa unaweza kurudi kwako. Ugonjwa wa ndege wa porini huingia bandani kwa njia zinazojulikana: maji, chakula, na nyayo za watu. Hapo ndipo penye kazi, na kazi yenyewe iko ndani ya uwezo wa mfugaji wa kuku 20 kama ilivyo kwa mwenye kuku 2,000.

Ndege husafiri mbali kuliko wengi tunavyodhani. Mwaka 2022 ndege mmoja wa ufukweni, kinda la mwaka huohuo lililokuwa limefungwa kifaa cha kufuatilia safari, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, kwa siku 11 bila kutua. Lakini huyo ni wa kipekee. Ndege wengi wa majini husafiri kwa hatua: huruka, hutua kwenye bwawa au ardhioevu, hula na kupumzika siku kadhaa, kisha huendelea. Mfugaji anapaswa kuyaangalia zaidi hayo mapumziko kuliko safari yenyewe. Kwenye bwawa moja hukutana mgeni aliyetoka mbali, mwenyeji wa hapo, na bata wako wa kufugwa ambaye umemwacha ajitafutie mchana kutwa.

Bata wa porini wa aina nyingi hubeba virusi vya mafua ya ndege bila kuonyesha dalili yoyote. Virusi hukaa utumboni, hutoka na kinyesi, huingia majini, na bata mwingine huvinywa. Maji yakiwa baridi, vinaweza kudumu wiki kadhaa au zaidi. Jua kali na ukavu huvimaliza haraka. Aina hizo za kawaida huwa hazina makali. Makali huzaliwa zaidi pale virusi vinapoingia kwenye kuku wengi walioshonana, vikapita kutoka kwa mmoja hadi mwingine na kubadilika. Virusi vya H5N1, aina kali ya mafua ya ndege inayosumbua dunia leo, asili yake ni bata bukini wa kufugwa katika jimbo la Guangdong, China, ambako viligunduliwa mwaka 1996. Baada ya hapo ndipo viliporudi porini: mwaka 2005 maelfu ya ndege wa porini walikufa katika Ziwa Qinghai, na mwaka 2022 makundi ya buabua nchini Uholanzi yalipoteza maelfu ya ndege wazima katikati ya msimu wa kuatamia. Ndege wa baharini hutaga yai moja au machache kwa mwaka, kwa hiyo pengo la msimu mmoja kama huo huchukua miaka mingi kuzibika. Tukisema ndege wa porini ndiye anayetuletea ugonjwa, tunataja nusu ya habari. Nusu nyingine ilitoka mabandani.

Kuna kipindi ambacho hatari hupanda, nacho kinafaa kuwekwa kwenye kalenda ya kila mfugaji. Makinda yakishamaliza kukua na kuanza kujikusanya makundi kwa ajili ya safari, mengi yao hayajawahi kukutana na virusi na miili yao haina kinga. Katika makundi hayo ndiyo maambukizi huwa mengi kuliko wakati mwingine wowote. Kwa hiyo mwisho wa msimu wa kuzaliana huko wanakozaliana, na wiki za mwanzo wahamaji wanapoanza kuwasili kwenu, ndiyo siku za kukaza ulinzi. Wakati huo funga bata na kuku wako ndani ya uzio uliofunikwa, hata kama miezi mingine unawaachia.

Maji kwanza

Amka mapema, kabla hujawafungulia kuku, ukatazame chombo cha maji kilichokaa nje usiku. Tazama ukingo wake. Ukiona tone jeupe lenye doa jeusi katikati, au unyoya mdogo unaoelea ambao si wa rangi ya kuku wako, au alama za vidole vitatu kwenye tope pembeni, basi umeshapata jibu la swali la ndege wanaingiaje. Hawakuhitaji kuingia bandani. Wewe uliwaandalia meza nje, halafu asubuhi ukaifungulia mifugo.

Maji ya kunywa yakae chini ya paa, mahali ambapo ndege wa porini hawezi kutua juu ya ukingo wala kupitisha kinyesi kutoka kwenye boriti. Yamwagwe kila jioni, chombo kisuguliwe na kuachwa kikauke. Anayetumia maji ya bwawa, mto au mfereji asiyapeleke bandani moja kwa moja: yachujwe kwanza, kisha yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, yakae, ndipo yatumike. Mpangilio huo una sababu. Klorini ikikutana na matope na majani hupotezea nguvu zake huko, na vijidudu hubaki salama. Matangi na visima vifunikwe. Maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye paa wanapolala njiwa au kunguru yana kinyesi chao. Acha mvua ya kwanza ioshe paa na imwagike kando kabla ya kuanza kukinga.

Bata wa kufugwa ndio hunitia wasiwasi zaidi ya wote. Wanapenda bwawa, na bwawa ndilo linalopendwa na wenzao wa porini. Wakirudi jioni hulala na kuku, na kuku ndio hufa. Ukiweza, bata wawe na kidimbwi chao kilichowekewa wavu juu, na banda lao lisiwe moja na la kuku. Na kama unafuga nguruwe, usiwaweke jirani na bata kabisa, kwa kuwa nguruwe hupata mafua ya ndege na ya binadamu pia, na mwilini mwake virusi hivyo viwili vinaweza kuchanganyika.

Chakula na viatu

Pumba iliyomwagika mlangoni huvuta shomoro, njiwa na kunguru. Hawa ndio daraja kati ya bwawa na banda: asubuhi wanaokota ukingoni mwa maji, mchana wako kwenye kilishio chako. Hata wasipoleta mafua, wanaweza kuleta bakteria wa salmonela, chawa na minyoo, na njiwa wana aina yao ya mdondo (ugonjwa wa Newcastle) inayoweza kuwapata kuku. Lisha ndani, fagia mabaki siku hiyohiyo, weka magunia kwenye mapipa yenye mifuniko. Wavu wa madirishani uwe na matundu yasiyozidi sentimeta 2, vinginevyo shomoro hupita.

Mbayuwayu wakijenga juu ya kilishio, usibomoe kiota chenye mayai au makinda. Pigilia ubao chini yake udake kinyesi, au sogeza kilishio. Ndege hawa hula mbu na nzi wengi mno. Wakishaondoka, ziba upenyo na msimu ujao watajenga mahali pengine.

Viatu vya shambani visiingie bandani. Weka jozi moja ya mabuti kwa ajili ya banda peke yake. Wanaoweka beseni la dawa mlangoni wanafanya vizuri, ila nimeona mabeseni mengi ambayo yamegeuka supu ya tope na kinyesi, na dawa ya namna hiyo haiui kitu. Sugua buti kwa maji na brashi kwanza, ndipo likanyage dawa, na dawa ibadilishwe kila inapochafuka.

Chanjo ya mdondo isisahauliwe. Ile ya I-2 inayostahimili joto hutolewa kwa tone moja jichoni na kurudiwa takriban kila baada ya miezi 3 hadi 4. Haizuii mafua ya ndege, lakini inapunguza vifo ambavyo vingekuchanganya siku ya kutafuta chanzo cha ugonjwa.

Kwa nini usikaushe bwawa

Ardhioevu ikikaushwa, ndege hawatoweki. Hubanana kwenye maji machache yaliyobaki, kinyesi huwa kingi ndani ya maji kidogo, na maambukizi hupanda. Wengine huhamia kwenye mashamba ya mpunga na mabwawa ya samaki, yaani karibu zaidi na mifugo. Kuwapiga risasi au manati huwatawanya vilevile, pamoja na walioambukizwa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na mashirika ya afya ya wanyama yameshauri mara nyingi dhidi ya kuua ndege wa porini au kuharibu makazi yao kwa kisingizio cha kuzuia mafua ya ndege.

Uchafuzi nao una pande mbili. Kundi kubwa la ndege likilala kwenye bwawa dogo huliongezea naitrojeni na fosforasi kwa kinyesi, na mwani huota. Ila mara nyingi mzigo mkubwa unatoka kwetu: mbolea iliyosombwa na mvua, samadi mbichi ya kuku iliyorundikwa ukingoni. Mwani ukifa huoza, hewa majini huisha, samaki hufa, na katika tope hilo lisilo na hewa bakteria wa botulizimu hutoa sumu. Ndege akila sumu hiyo hulegea shingo na kufa. Mzoga wake huingiwa na funza, funza hujaa sumu bila wao kudhurika, ndege mwingine hula funza, naye huanguka. Mizoga michache isiyookotwa inaweza kuzaa mamia.

Dawa yake ni ya kikulima kabisa. Acha ukanda wa nyasi na vichaka kati ya shamba na maji, usioulima wala kuutia mbolea. Lundika samadi mbali na maji, ifunike, igeuze, iache ipate joto la kuchoma mkono kabla ya kuipeleka shambani. Na okota mizoga ukingoni mapema.

Sumu zetu na mayai yao

Miaka ya 1950 na 1960 ndege wawindaji wa Ulaya na Marekani walianza kutaga mayai yenye ganda jembamba yaliyopasuka chini ya mama anayeatamia. Chanzo kilikuwa DDT, sumu ya kuulia wadudu, iliyopanda kutoka kwa wadudu hadi kwa ndege wadogo, hadi kwa anayewala. Marekani iliipiga marufuku kwenye kilimo mwaka 1972, na ndege hao wakaanza kurudi.

Kisa cha tumbusi, ndege wala mizoga, wa Asia Kusini kinatuhusu wafugaji moja kwa moja. Tumbusi wa India, Pakistani na Nepali walipungua kwa zaidi ya asilimia 95 ndani ya miaka michache, na mwaka 2004 watafiti walithibitisha sababu: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Ng'ombe akifa na dawa ikiwa bado mwilini, tumbusi aliyekula nyama yake aliharibika figo na kufa. Tumbusi hutaga yai moja tu kwa mwaka. Mizoga iliyokosa wa kuila ikabaki kuoza na kulisha mbwa wa mitaani. Mwaka 2006 India, Pakistani na Nepali zilichukua hatua ya kuizuia dawa hiyo kwa mifugo, na meloksikamu, isiyowadhuru tumbusi, ikapendekezwa badala yake. Mwombe daktari wako wa mifugo hiyo, na mnyama aliyekufa akiwa kwenye dozi azikwe.

Sumu ya panya hufuata njia hiyohiyo. Panya aliyeila hufa taratibu, na kabla ya kufa hunaswa kirahisi na bundi. Ukimwua bundi, panya wa mwakani hawana wa kuwapunguza. Tumia mitego na ghala lililozibwa kwanza. Sumu ikibidi, iwekwe ndani ya kisanduku na panya waliokufa waokotwe kila asubuhi. Marisau ya risasi yaliyoachwa matopeni nayo humezwa na bata wakidhani ni changarawe za firigisi, husagika humo, na kuwaua polepole.

Unapofyeka nyasi za malisho, anza katikati ukitoka nje, ili ndege aliyetaga humo na makinda yanayotembea wapate njia ya kukimbilia. Tulivyozoea, kuanzia pembeni kwenda ndani, huwasukuma wote kwenye kipande cha mwisho na hapo fyekeo huwamaliza. Kupogoa ua na miti subiri hadi viota viwe vitupu.

Ukikuta vifo

Kuku kufa ghafla kwa wingi, upanga na undu kugeuka zambarau, kichwa kuvimba, kinyesi cha kijani, shingo kupinda: dalili hizi ni za mafua makali ya ndege au mdondo, na kwa macho huwezi kuyatofautisha magonjwa hayo. Kipimo cha maabara ndicho kinachoamua. Funga banda, usiuze, usichinje, usigawe kwa majirani, na piga simu kwa ofisi ya mifugo siku hiyohiyo.

Ndege wa porini waliokufa, hasa wakiwa kadhaa mahali pamoja, usiwashike kwa mikono mitupu wala kuwapa mbwa. Toa taarifa kwanza, maana sampuli inaweza kuhitajika. Ukiambiwa uwaondoe mwenyewe, vaa glavu na barakoa, watie kwenye mfuko ndani ya mfuko, wazike mbali na maji kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua, kisha nawa kwa sabuni na ubadili nguo kabla ya kwenda kuwalisha kuku wako.