Kabla ya Kuifanya Mwanza Kambi Yako ya Matembezi

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba unakwenda Serengeti, naye atakuuliza unashukia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, au unapanda basi la Arusha. Wachache hukumbuka kwamba kutoka Mwanza mjini hadi lango la Ndabaka ni kama kilomita 140 tu za lami kwa barabara ya Musoma, wala hupiti Ngorongoro ukalipia na huko kama anayetokea Arusha. Uwanja wa ndege wenyewe uko Ilemela, mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji. Kwa anayetaka mbuga, visiwa na utamaduni wa Wasukuma katika likizo moja, sijaona kambi inayoishinda Mwanza.

Ila mpango wake uanzie mwishoni. Shika tiketi ya kurudi, tazama siku na saa ya ndege, kisha rudi nyuma siku moja moja. Siku ya kabla ya ndege iwe ya mjini: kisiwa cha Saanane, soko la samaki, au kukaa tu ukitazama Jiwe la Bismarck jioni. Safari za visiwa vya mbali ziweke mwanzoni kabisa, kwa sababu ziwa halina ratiba ya kukubembeleza. Upepo ukikaza au chombo kikipata hitilafu, utalala Nansio, kisiwani Ukerewe, utake usitake. Ukiwa na siku tatu mkononi hilo si neno. Ukiwa na ndege kesho yake asubuhi, tiketi imepotea.

Jambo la pili ni kutolazimisha kila usiku kulala Mwanza. Hapa ndipo wengi wanapojichosha bure. Serengeti ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo inawezekana, lakini utaishia pembezoni karibu na mto Grumeti, kwa kuwa kutoka Ndabaka hadi Seronera, katikati ya hifadhi, ni zaidi ya kilomita 100 za vumbi, na usiku gari la mgeni haliruhusiwi kuzurura hifadhini. Kibali cha kuingia nacho kina muda wake. Kwa hiyo lala Lamadi, mji ulio karibu na lango, ambako gharama ni nafuu, uwe langoni alfajiri, kisha ulale ndani au utoke jioni ukiwa umeshiba kuona. Nyumbu hupita ukanda huu wa magharibi takribani kati ya Mei na Julai. Nje ya miezi hiyo wanyama wengine wapo, ila usiende ukitarajia yale makundi ya kwenye televisheni.

Kabla hujaondoka mjini, hakikisha una kitambulisho cha taifa, maana bila uthibitisho wa uraia huwezi kudai kiingilio cha raia, na tofauti yake na cha mgeni ni kubwa mno. Malipo ya hifadhi hufanyika kwa kadi, benki au simu, si kwa noti mkononi, hivyo weka salio la kutosha mapema. Gari liwe la kuvuta magurudumu yote manne. Udongo mweusi wa ukanda wa magharibi ukilowa mvua huteleza vibaya, na gari dogo la kukodi mjini litakuachia huzuni. Nguo za bluu na nyeusi ziache hotelini: mbung'o wanazipenda, na kuumwa nao kunauma kwelikweli.

Barabara hiyohiyo ya Musoma inakupitisha Kisesa, karibu na Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement katika miaka ya 1950. Ukiwa Mwanza mwezi Juni, ulizia ngoma za Bulabo, ambapo Wagika na Wagalu, makundi mawili ya wacheza ngoma wa Kisukuma, hushindana. Ukiendelea mbele kupita Bunda, Butiama kwa Mwalimu Nyerere ni mchepuko unaostahili. Yaani mambo matatu yako njia moja, basi yafanye kwa safari moja badala ya kurudi mjini kila mara.

Upande wa magharibi mambo yamebadilika. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, lilifunguliwa Juni 2025, na ile foleni ya kivuko iliyokula nusu siku haipo tena. Maelezo mengi ya zamani bado yanakuhesabia muda wa kivuko, usiyafuate. Hifadhi ya kisiwa cha Rubondo sasa iko karibu zaidi, kupitia Geita hadi ufukweni na kisha kwa boti ya hifadhi, ambayo lazima uiwekee nafasi mapema. Huko kuna nzohe, swala wa kwenye majimaji, na sokwe ambao wazee wao waliletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969. Tenga usiku mbili.

Sasa maji, na hapa nakusihi. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 ikikaribia Mwanza. MV Nyerere ilizama Septemba 20, 2018 karibu na Ukara. Vyote viwili vilibeba watu kupita uwezo. Kwa hiyo sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kata tiketi yenye jina lako, vaa jaketi la kuokolea hata kama umezungukwa na wasiovaa, na ukiona chombo kimejaa, shuka. Kwa anayeogopa maji, Ukerewe inafikika pia kwa barabara kupitia Bunda hadi Kisorya, na kivuko cha hapo huvuka sehemu fupi tu. Kuogelea kwenye mwambao wenye majani na konokono usijaribu. Kichocho kipo ziwani, na malaria ipo kotekote, hivyo chandarua na dawa ya kujipaka ni vya lazima.

Mzigo mkubwa uache hotelini Mwanza, ubebe begi laini, hasa ukipanda ndege ndogo za kwenda mbugani ambazo huruhusu kilo 15 hivi. Na siku ya kuondoka, kama ndege ni ya jioni, ulizia kama kuna mechi CCM Kirumba. Uwanja huo uko upande huohuo wa kwenda uwanja wa ndege, na siku ya mechi kubwa barabara hufurika, basi ondoka mjini mapema kwa saa nzima zaidi.